Namna Baba Alivyokuwa Akiomba Sigara

Kuna namna ya kumwomba sigara mtu usiyemjua, na siku hizi wengi hawaijui. Nasema hivi kwa hasira kidogo, maana navuta huu mwaka wa ishirini na kitu, na kati ya Nachingwea na Ruangwa nimeombwa na kila aina ya binadamu. Kijana anakufuata stendi, simu mkononi, salamu hana: "Oya mwanangu, nitoe na fegi moja." Mwanangu, mimi ninayeweza kumzaa yeye na kaka yake. Huyo hapati kitu, hata kama mfuko umetuna.

Anayejua adabu huanza na salamu, tena salamu anaifikisha mwisho: habari za utokako, za njia, za shamba. Sigara haitajwi. Baadaye huomba moto, kwa kuwa moto haumpunguzii mtu chochote. Ukishampa moto ukaona hana cha kuwasha, unaelewa mwenyewe, na wala hajakutia aibu ya kukataa. Hachungulii ndani ya pakiti yako. Ukiwa umebakiwa na moja, anajifanya hakuiona. Mtani tu ndiye anayeruhusiwa kukuchomolea mdomoni, na ukinuna utachekwa wewe.

Baba yangu alikuwa na namna yake peke yake. Alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevushwa akiwa mtoto na wazazi wake, akakulia huku na kuoa kwetu Nachingwea. Kwetu ukoo unafuata mama, na mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, kwa hiyo alijenga kwenye kiwanja cha wajomba zangu na kulima mikorosho ya wajomba zangu. Sigara hakuwahi kuwa nayo. Kiberiti hakikuwahi kumtoka mfukoni. Akimwona mtu anavuta alimwendea kwa upande wa kushoto, akasimama hatua moja nyuma, akakohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu, kisha akafungua kiganja chenye kiberiti.

"Njiti ninayo, pwana."

Alisema hivyo, "pwana", kwa ulimi wa Kimakua ambao haukumtoka hata baada ya miaka yote ile. Akishapewa sigara aliikata katikati kwa ukucha wa dole gumba na kuirudisha nusu yenye kichungi. "Nusu inanitosha, pwana." Alimwashia mwenye sigara kwanza, kisha akajiwashia mwenyewe, halafu njiti iliyoungua aliirudisha ndani ya kiberiti pamoja na nzima. Mama alikuwa akimtania kwamba amebeba makaburi mfukoni. Baba alicheka, lakini njiti hakuitupa.

Mwaka niliomaliza darasa la saba alikwenda Namungo, upande wa Ruangwa, kwenye machimbo ya dhahabu, kujaribu bahati kwa miezi mitatu. Hakurudi. Namungo si Ulaya. Kwa pikipiki ni safari ya kumalizika kabla jua halijawa kali. Wajomba walikwenda mara mbili kumtafuta, wakaambiwa mashimo yamebomoka kadhaa, kwamba wachimbaji hawaandikwi majina, na aliyefukiwa huachwa hukohuko. Walirudi na hayo tu.

Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita mama hakuwa mke wala mjane. Mjomba mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli kwetu, alitaka mara nyingi tumsomee baba hitima ili mama akae eda, amalize, apumzike. Mama alikataa kila mara kwa maneno yaleyale: hasomi hitima ya mtu ambaye hajaambiwa kafa. Tumletee habari, hata mbaya, naye angekaa eda kesho yake. Mwaka juzi presha ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka aliniita pembeni akasema hataki kufa akiwa hajui. Mimi ndiye mtoto wa pekee. Nikaahidi nitajua, bila kuwa na wazo hata moja la wapi pa kuanzia.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Msimu ukifika natembea na boksi la spana kutoka kijiji hadi kijiji, na watu wa Ruangwa wananijua kuliko wa kwetu. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Anayeingia shambani saa hiyo kwa mara ya kwanza huogopa, na mimi sijawahi kuzoea. Ukungu wa manjano unaning'inia kati ya mikorosho, mashine zinanguruma kushoto na kulia, na huoni mtu hata mmoja. Mara mashine moja inazimika, na unasikia tu majani yakidondosha umande.

Asubuhi moja nilikuwa Nandagala, kijiji cha huko Ruangwa. Nilikuwa nimemaliza kabureta ya mwenye shamba, nikatembea mbali mpaka ukingoni mwa barabara, maana salfa na moto havikai pamoja, nikawasha sigara. Nyuma yangu, upande wa kushoto, mtu akakohoa mara mbili.

Sikugeuka. Mgongo ulijua kabla ya kichwa. Nilitazama chini nikaona kivuli kimesimama hatua moja nyuma ya changu, halafu kiganja kikaja mbele ya macho yangu, kikafunguka, na ndani yake kiberiti.

"Njiti ninayo, pwana."

Nilitoa sigara kabla sijafikiri. Aliikata kwa ukucha, akanirudishia yenye kichungi, akasema nusu inamtosha. Ndipo nikageuka. Alikuwa mpuliziaji, uso mzima umepakwa manjano mpaka kope, kitambaa kimefungwa kichwani, na chini ya manjano yale alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi ambaye sijawahi kumwona.

"Nani kakufundisha kuomba hivyo?" nikamuuliza.

Alishangaa. "Si ndivyo inavyoombwa?"

"Wapi?"

"Machimbo. Namungo kule. Wote tunaomba hivi."

Nikamuuliza kwao wapi, akasema Singida. Nikamuuliza kama Singida wanasema pwana.

"Nimesema bwana, fundi," akasema, na nikaona kwamba anaamini kabisa hivyo ndivyo alivyosema. Alivuta nusu yake mpaka ikamfikia vidoleni, akairudisha njiti iliyoungua ndani ya kiberiti, akaingia tena kwenye ukungu. Baada ya muda mashine ikanguruma, nami sikuweza tena kusema ni ipi yake.

Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo nikamsimulia mama. Nilitegemea alie au aniulize maswali mia. Alisikiliza, akanyoosha kanga yake magotini.

"Nenda," akasema. "Ila usinirudie na labda."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, na pakiti mbili mfukoni. Nilichagua vibaya siku. Timu ya huku kwetu ilikuwa ikicheza Ruangwa mjini, na mtu yeyote mwenye nauli au mwenye rafiki mwenye pikipiki alikuwa amekwenda uwanjani. Nilifika saa tisa alasiri, jua kali, nikaikuta kambi tupu. Vibanda vya turubai vilikuwa wazi. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga na moto umezimika. Redio ilikuwa imening'inizwa kwenye nguzo ya kibanda kisicho na mtu, mtangazaji anapiga kelele za mpira, na uwanja mzima wa mashimo ulikuwa ukimsikiliza. Hilo jambo nilishindwa kulizoea: mdomo wa kila shimo mweusi, kamba imeshuka ndani, na sauti ya watu maelfu wakishangilia juu yake.

Nikaketi juu ya gogo nikawasha sigara. Sikuwa najua la kufanya zaidi ya hilo.

Hazikupita dakika tano kamba ya shimo la karibu ikatikisika. Mtu akapanda, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha za miguu. Hakunitazama. Alizunguka akaja kushoto kwangu, akakohoa mara mbili, akafungua kiganja. Njiti ninayo, pwana. Nikampa. Akakata, akanirudishia nusu. Nusu inanitosha, pwana. Akaniwashia kwanza, ingawa mimi nilikuwa na nyingine inayowaka kati ya vidole, akairudisha njiti ndani ya kiberiti. Nyuma yake akasimama wa pili. Wa tatu akatokea nyuma ya kibanda. Walikuwa waliobaki zamu, watu saba au wanane, na walikuja mmoja mmoja bila kuharakishana, kila mmoja kwa kushoto, kila mmoja hatua moja nyuma. Mmoja alikuwa mtoto wa mjini kabisa, hereni sikioni, aliyekuwa akimtukana mwenzake kwa Kiswahili cha Dar. Alipofika kwangu akanyamaza, akakohoa kile kikohozi kikavu cha mzee, na sauti ya baba ikatoka mdomoni mwake.

Niliogopa. Sina sababu ya kujifanya sikuogopa. Nusu za sigara zilikuwa zimenijaa mkononi, nikaanza kuzitia mfuko wa shati, na nyingine zikadondoka. Mtu akifa hufa na namna yake ya kuomba, ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Hapa ilikuwa imebaki na kuingia kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoondoka nyumbani.

Nilimuuliza kila mmoja kaitoa wapi. Wa kwanza alisema alimkuta mwenzake anaomba hivyo. Mwenzake alisema aliikuta kwa mwingine aliyekwisha hamia Chunya. Walinitazama kama mtu anayeuliza nani aliwafundisha kutembea. Mmoja akasema ukishuka shimoni hujaomba kwa namna hiyo, siku haiendi vizuri, na wengine wakakubali kwa kichwa. Mwishowe yule wa hereni akanyoosha mkono.

"Labda umuulize Babu," akasema. "Yule anayetwanga mawe nyuma ya karasha. Yeye kaanza hapa kabla ya wote. Siku hizi hashuki, kifua."

Karasha ni mashine ya kusagia mawe, na siku hiyo ilikuwa kimya, imezimwa kwa ajili ya mpira. Nyuma yake nilisikia chuma kikigonga chuma, polepole. Mzee alikuwa ameketi na mgongo wake kwangu, kinu cha chuma kati ya miguu, anatwanga. Alikuwa amekonda mpaka shati limekaa kwake kama limeanikwa. Nilizunguka mbele. Kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Kovu hilo nilikuwepo lilipopatikana. Nilikuwa na miaka saba, tunakaanga korosho uani, mafuta ya maganda yakalipuka, na baba akaweka mkono wake mbele ya uso wangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Nilitaka kusema baba. Neno halikutoka, sijui kwa nini, miaka yote ile nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Nikachuchumaa, nikasema kwamba natoka Nachingwea. Nikasema nyumba yetu iko palepale, na mwembe uliokuwa nyuma ya choo ulikatwa. Nikasema mama yangu yu hai, ana presha, na ana mume aliyekuja huku kwa miezi mitatu, na kwamba mpaka leo amekataa kumsomea hitima kwa sababu hajaambiwa kafa. Nikasema ameniagiza nisirudi na labda.

Kinu kilikuwa kimenyamaza. Alinitazama usoni, akashuka mpaka mikononi, akarudi usoni na kukaa hapo muda mrefu. Macho yakajaa. Mtu aliyesahau hatetemeki kidevu namna ile. Alinijua, hilo sina shaka nalo hata tone, na mimi nilikaa pale na miaka yangu arobaini nikisubiri aseme mwanangu.

Aliuweka mtwangio chini. Akapangusa mkono kwenye suruali, akaegemea goti, akainuka kwa shida. Nilidhani anakuja kunishika. Akanizunguka, akasimama kushoto kwangu, hatua moja nyuma. Akakohoa mara mbili, ingawa safari hii kikohozi kilimzidi na ikabidi angoje kiishe. Kiganja kikafunguka mbele yangu.

"Njiti ninayo, pwana."

Asiye wa kwetu huenda asielewe nilichofanyiwa. Mtoto havuti mbele ya baba yake, hata akiwa na wajukuu. Mimi leo hii nikimwona mjomba mkubwa kwa mbali naificha sigara inayowaka, na nimeshachoma mifuko miwili ya suruali kwa heshima hiyo. Baba naye hamwombi mwanawe sigara. Anaweza kumwomba shamba, anaweza kumwomba figo. Sigara huombwa mtu baki. Nilikuwa nimemuuliza swali moja, naye alikuwa amenijibu kwa adabu zote anazozijua.

Ningeweza kumnyima. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Ningesema sina, labda angelazimika kutafuta neno lingine la kuniambia. Lakini alikuwa ameomba vizuri, na mkono wangu ulikwisha ingia mfukoni. Nikampa. Aliikata kwa ukucha, taratibu, asipoteze hata unyuzi wa tumbaku, akanirudishia yenye kichungi.

"Nusu inanitosha, pwana."

Akaniwashia mimi kwanza. Ilibidi niiname kuelekea mikono yake, na nilisikia harufu yake, jasho na chuma na kitu cha zamani ambacho bado nilikikumbuka. Nikavuta mbele ya baba yangu. Kila kiungo cha mwili kilitaka kuitupa ile sigara na kuikanyaga, lakini yeye alikuwa akinitazama kwa utulivu, mtu na mwenzake waliokutana njiani, na nikaendelea. Tulivuta. Redioni watu walishangilia bao. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza nani kafunga.

Ilipokwisha alifungua kiberiti kurudisha njiti, na nikaona ndani. Karibu zote zilikuwa nyeusi, zimepangwa kichwa kwa kichwa. Nzima nilihesabu tatu.

"Nenda salama, pwana," akasema. Akakaa chini, akavuta kinu, akaanza kutwanga.

Sijui kwa nini hakurudi miaka ile, wala alijificha wapi wajomba walipokuja kumtafuta. Wapo wanaoshindwa kurudi kwa wakwe mikono mitupu, na kila mwaka unaopita unaifanya mikono iwe mitupu zaidi. Inawezekana ni hilo, inawezekana silo. Njiani nilisimamisha pikipiki mara mbili kwa sababu sikuwa naona barabara.

Mama nilimkuta barazani kwenye mkeka, anachagua mbaazi kwenye ungo. Giza lilikuwa bado halijaingia. Hakuinuka.

"Umepata?"

"Nimemwona."

Mkono uliendelea kuchagua. "Mzima?"

"Mzima. Kakonda. Kifua kinamsumbua."

"Anakula?"

"Kuna wamama wanapika pale kambini. Nadhani anakula."

"Ulimwambia ninaumwa?"

"Nilimwambia."

"Alikujua?"

"Alinijua, mama. Alilia."

Akatua ungo chini. Ndipo akanitazama, na nikamwona msichana ndani ya uso ule, na nikatamani ningekuwa muongo hodari zaidi.

"Akakuita mwanangu?"

"Aliniomba sigara."

Kuku walikuwa wakipanda kwenye mti wao. Mama aliokota mbaazi moja iliyooza, akaitazama pande zote, akaitupa uani.

"Ukampa?"

"Nilimpa."

"Mkavuta wote wawili?"

"Tukavuta."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayesomewa barua na kuifuata neno kwa neno. Kisha akauchukua ungo, akapepeta, akaumalizia. Alipomaliza akasema nimwite mjomba mkubwa. Nimwambie habari imepatikana, wapange siku, wanunue mchele, wasome.

"Mama," nikasema, "yu hai."

"Nimekusikia."

Hitima ilisomwa Ijumaa, baada ya swala. Watu walikuwa wengi, hata watani wa ukoo walikuja na vichekesho vyao, wakaiba sufuria ya pilau kama wanavyofanya msibani. Mama alikuwa ndani, amejifunga nguo nyeupe, ameanza kuhesabu miezi minne na siku kumi. Alilia kwa sauti, na tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia akilia kwa sauti. Mimi niliwekwa mlangoni kupokea pole. Nilisema shimo lilibomoka, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kila dua ilipopanda niliitikia amina, na kila mara mwili ulinisisimka, kwa maana nilijua kwamba muda uleule, nyuma ya karasha, mtu anainua chuma na kukishusha.

Waliingia mmoja mmoja, wakanishika mkono kwa mikono miwili, wakaniambia baba yako alikuwa mtu mwenye adabu sana.

Nikawajibu, ndiyo, alikuwa.